Niuze gitaa la marehemu baba nilipe madeni?

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu usilitoe. Niite tu mama wa dagaa wa Ujiji, tupo wengi, hakuna atakayenijua.

Nimeolewa, nina watoto wanne, na mume wangu ni fundi seremala. Mimi nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, naanika, nafungasha, natuma Dar es Salaam. Wengine wananunuliwa hapahapa na wafanyabiashara wa Kongo. Kazi hii nimeikuta kwa mama yangu.

Aprili 2024 nilikopa milioni tatu kwenye kikundi chetu. Tulishajua ziwa litafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nikapiga hesabu kwamba nikijaza stoo mapema, dagaa wakiadimika nitauza kwa bei nzuri. Mvua ikanikuta mzigo wote uko kwenye chanja. Dagaa akilowa mara mbili tatu hakauki tena, anageuka rangi na kuanza kunuka. Niliobahatika kuwaokoa nikawauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Ziwa likafungwa, mtaji umekufa, ada zinadaiwa, na kikundi kinataka marejesho. Mwezi Juni nikaenda kwa mtu anayekopesha, hii mikopo wanayoiita kausha damu. Akanipa milioni moja na nusu kwa riba ya asilimia ishirini kila mwezi. Dhamana niliyompa, Shangazi, ni karatasi ya mauziano ya nyumba tunayoishi. Niliichukua kabatini. Mume wangu hajui mpaka leo.

Nimelipa riba laki tatu kila mwezi kwa miezi kumi bila kugusa deni lenyewe. Baadaye nikashindwa, akaanza kuweka faini, na sasa anasema jumla ni milioni tatu na laki nne. Kikundi bado kinanidai milioni mbili na laki mbili, na kuna dada mmoja wa Mwanga aliyenikopesha laki tisa kwa moyo mzuri. Ukijumlisha ni milioni sita na nusu.

Sasa gitaa. Baba yangu alikuwa mpiga solo. Alianza na bendi za hapa Kigoma miaka ya 1960, kisha akapanda treni kwenda Tabora kufuata muziki, akakaa huko miaka mingi. Vyombo vya bendi wakati ule vilikuwa mali ya mwenye bendi, lakini gitaa hili lilikuwa lake mwenyewe. Alilinunua kwa mwanamuziki aliyevuka ziwa kutoka Kalemie, akalilipa kidogo kidogo mpaka likaisha. Ni Fender Stratocaster. Katikati lina rangi ya njano iliyoiva, inakwenda kwenye wekundu, na ukingoni ni nyeusi. Pale mkono wa kulia wa baba ulipokuwa ukilalia, rangi imelika mpaka mbao inaonekana. Nyuma kuna bamba la chuma lenye skrubu nne na namba inayoanza na herufi L. Nyuzi zikikosekana alikuwa akifumua waya wa breki ya baiskeli na kuufunga humo.

Baba alifariki 2019. Kabla hajatutoka aliniita, mama akiwepo, akasema, "Hili litunze wewe, kaka zako watalipoteza." Nina kaka wawili, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Mpanda. Kwenye kikao cha mirathi gitaa halikutajwa na mtu. Mimi ndiye mwenye nalo, lipo chini ya kitanda. Mwanangu wa pili, ana miaka kumi na saba, huwa analitoa usiku na kulipiga bila spika kwa sababu ile amplifaya iliungua zamani. Amejifunza kwenye simu, ila kuna nyimbo anazipiga kwa kufuata kumbukumbu ya babu yake, na bibi yake huacha anachofanya na kusikiliza.

Miezi miwili iliyopita alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, ananunua vitu vya kale. Nani alimwambia sijui. Aliligeuza geuza, akalipiga picha, akasema limechubuka sana, atanipa milioni tatu na nusu. Nikakataa. Akapiga simu, milioni tano. Juzi amepiga tena, milioni sita taslimu, ila anasafiri wiki ijayo, nisipoamua anaacha. Kuna fundi hapa wa kupaka rangi magari, nilifikiri nimpe aliguse kidogo lipendeze, labda atafika sita na nusu na nitoke kwenye haya madeni yote siku moja.

Nikiliuza nitamwangalia vipi mama? Nisipoliuza, yule mkopeshaji ameshasema atakuja nyumbani na mwenyekiti wa mtaa. Usiku sipati usingizi. Nisaidie, Shangazi.

Binti wa mpiga solo, Ujiji


Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena jioni. Mtu aliyelipa laki tatu kila mwezi kwa miezi kumi, ziwa likiwa limefungwa na mtaji umeoza kwenye chanja, si mtu mzembe. Nimetangulia kusema hivyo kwa sababu barua yako imejaa hukumu juu yako mwenyewe, na hukumu hizo zinaweza kukusukuma uamue haraka mambo ambayo hayataki haraka.

Unavyoliona jambo lako, kama nimekuelewa, ni hivi: upande mmoja kuna deni la milioni sita na nusu, upande wa pili kuna gitaa la milioni sita, na katikati umekaa wewe na kumbukumbu ya baba. Uza, uwe huru lakini msaliti. Acha, uwe mwaminifu lakini udhalilike. Mimi nina wasiwasi na namba zote mbili. Sidhani kama deni ni hilo unalotajiwa, na sidhani kama gitaa ni la bei hiyo. Tena sina hakika kama hela ya gitaa, ikipatikana, yote ni yako.

Tuanze na huyu wa kausha damu. Nchi yetu ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kanuni zake zinamtaka anayekopesha watu kama biashara awe na leseni ya Benki Kuu, hata kama ni mtu mmoja mwenye meza na daftari. Riba yao imewekewa kikomo, asilimia 3.5 kwa mwezi. Chukua kalamu. Asilimia 3.5 ya milioni moja na nusu ni shilingi 52,500. Kwa miezi kumi ni 525,000. Ukirudisha na milioni moja na nusu yake, inakuwa 2,025,000. Wewe umeshampa milioni tatu. Yaani kwa hesabu ya kikomo cha sheria, umeshavuka deni na riba yake kwa karibu milioni moja, na yeye bado anakuambia unadaiwa milioni tatu na laki nne.

Sisemi deni limekufa. Hilo ni la mwanasheria au mahakama, na mkopeshaji naye ana maelezo yake. Ninachosema ni kwamba deni hili lina maswali, na mtu mwenye deni lenye maswali hakimbilii kuuza mali ya thamani ili alilipe lote kwa mkupuo. Una risiti, au jumbe za simu za miamala uliyomtumia? Zikusanye zote leo, hata zile za zamani. Mtandao wa simu unaweza kukutolea taarifa ya miamala. Orodha ya waliopewa leseni Benki Kuu huitangaza, jina lake liangalie kama limo. Kisha tafuta msaada wa kisheria wa bure hapo manispaa, au anzia kwa afisa maendeleo ya jamii. Usiende kwa mkopeshaji peke yako kumsomea sheria, maana watu wa biashara hii wengine wana lugha nzito. Nenda na mtu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi, na nitaligusa polepole. Ni ile karatasi ya nyumba.

Umeandika kwamba mume wako hajui. Nimejiuliza, na naomba nawe ujiulize ukiwa umetulia: ukiuza gitaa, unalipa deni au unanunua siri isitoke? Maana kikundi kinaweza kukupangia upya, na yule dada wa Mwanga alikupa kwa moyo mzuri, kwa hiyo pengine anaweza kungoja. Anayekukimbiza ni mmoja, na nguvu yake yote ni kwamba akigonga mlango, mume wako atajua. Kama mume angekuwa anajua tayari, huyo mtu angekuwa na nguvu gani?

Na hapa sheria inafanya jambo ambalo huenda hulitarajii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mume wako hakuridhia, hata hakuulizwa. Kwa hiyo huyo mkopeshaji anaposhika karatasi ile na kukutishia nyumba, ameshika kitu chepesi kuliko anavyotaka uamini. Lakini ulinzi huo unapitia kwa mume wako. Ni yeye wa kusimama na kusema "mimi sikuridhia". Hawezi kusimama kwenye jambo asilolijua.

Najua kumwambia si rahisi. Mimi simjui mume wako, wewe unamjua. Kama ni mtu ambaye hasira yake inaweza kukuumiza, basi usimwambie mkiwa peke yenu; tanguliza mtu anayemheshimu, mshenga wenu au mkubwa wa upande wake. Kama ni mtu wa kununa siku mbili tatu kisha akakaa chini mkazungumza, basi siku hizo za kununa zipime dhidi ya mwaka mzima wa kulala macho wazi. Anaweza kuumia zaidi kwa kufichwa kuliko kwa deni lenyewe. Sikuhakikishii atakavyolipokea. Nakuonyesha tu kwamba njia ya kuuza gitaa kimya kimya nayo haiizimi siri hii: gitaa lililokuwa likipigwa kila usiku likitoweka, mama atauliza, mtoto atauliza, mume atauliza, na jibu la swali hilo linaishia palepale kwenye kabati.

Tuje kwenye gitaa. Nitakaa hapa kidogo, maana Kigoma na Tabora zetu zilikuwa miji ya muziki kwelikweli, na wanaosoma safu hii wa umri wangu wanakumbuka Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma, na Tabora ile ya Kiko Kids na Tabora Jazz. Hao wazee wengi walipiga maisha yao yote vyombo visivyo vyao na kustaafu mikono mitupu. Baba yako alijinyima akanunua chake. Nimeelewa kwa nini kitu hiki ni kizito kwako.

Hayo magitaa yana soko duniani, na soko hilo lina vigezo vyake. Fender walianza kutoa Stratocaster mwaka 1954. Mwanzoni mwa 1965 kampuni ilinunuliwa na CBS, watu wa redio na televisheni wa Marekani, na wakusanyaji wa magitaa huamini kazi ya kabla ya hapo ni bora zaidi, kwa hiyo huyalipia zaidi. Namba zinazoanza na L ziliwekwa kwenye magitaa kuanzia mwishoni mwa 1962 hadi 1965. Unaona sasa kwa nini yule bwana aliligeuza geuza na kulipiga picha. Stratocaster halisi ya miaka hiyo, ikiwa na rangi na vifaa vyake vya kiwandani, huko nje huuzwa zaidi ya dola 10,000, na kwa sarafu yetu hiyo ni zaidi ya milioni ishirini.

Usiruke bado. Bamba ni skrubu nne tu, linaweza kuhamishwa kutoka gitaa moja hadi jingine. Kuna magitaa mengi yaliyoigizwa, mengine vizuri sana. Na gitaa lililopita mikononi mwa mafundi wa redio kwa miaka hamsini huenda limebadilishwa vinasa sauti, vifungo au mashine za kukazia nyuzi, na kila kilichobadilishwa kinashusha bei. Inawezekana kabisa milioni sita ikawa bei ya haki. Inawezekana pia ni robo ya bei. Wewe hujui, mimi sijui, na mwenye fununu ni yule tu aliyetoka milioni tatu na nusu hadi sita kwa simu mbili. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuambia limechubuka sana.

Kuhusu kuchubuka, mwanangu, nakuomba kwa nguvu zote: yule fundi wa magari asilisogelee. Hapo mkono wa baba yako ulipokula rangi, wanunuzi wa kweli hawapaoni kama ubovu, wanapaona kama ushahidi kwamba rangi ni ya awali. Likipakwa upya, thamani huweza kushuka hata kwa nusu, na hakuna fundi wa kuirudisha. Usilisugue na dawa wala kubadilisha chochote, na kifaa chochote cha zamani kilichotolewa, hata kama kimevunjika, kitafute kwenye makopo ya baba ukihifadhi. Ule waya wa breki kama bado upo, mwambie mtoto aulegeze, maana si uzi wa gitaa na unaweza kuvuta shingo vibaya. Tena chini ya kitanda si pazuri msimu wa mvua, ukutani kusikopigwa jua ni salama zaidi.

Kuna jambo lingine ambalo mnunuzi hakukueleza. Ubao wa shingoni, pale vidole vinapobonyeza nyuzi, kwenye Fender nyingi za miaka ile ulichongwa kwa mti wa Brazil ambao ni wa jamii moja na mpingo wetu. Tangu 1992 mti huo uko kwenye daraja la ulinzi mkali kabisa la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Kama la kwenu lina ubao huo, kulivusha mpaka kibiashara kunataka vibali. Ndiyo maana bei ya ughaibuni usiihesabu kana kwamba iko mfukoni mwako hapo Ujiji. Kati yako na hiyo bei kuna dalali, usafiri, karatasi, na watu wa kuaminika au wasioaminika. Pengine sehemu ya pengo la bei ya bwana yule ni gharama hizo kwa haki. Sitaki umwone mwizi kabla hujajua.

Sasa sikiliza upande ambao barua yako iliupita kwa mstari mmoja. Baba alisema, "Hili litunze wewe." Kaka zako hawakuwepo. Kwenye mirathi halikutajwa. Je, alikupa liwe mali yako, au alikukabidhi kwa niaba ya wote kwa sababu aliona mikono yako ina utulivu? Mama ndiye shahidi, na jibu lake lina uzito mkubwa. Nawaza kwamba familia yenu ni ya Kiislamu, kama wengi wa Ujiji. Kama sivyo, hesabu itabadilika lakini swali litabaki. Katika mirathi ya Kiislamu, kitu ambacho mgonjwa anampa mrithi wake akiwa kwenye ugonjwa uliomwondoa duniani hakihesabiwi kama zawadi ya kawaida, kinataka warithi wenzake waridhie. Sheikh anayejua mirathi atakueleza kwa kina, na Mahakama ya Mwanzo nayo husikiliza mambo haya.

Kama ikionekana gitaa ni la mirathi, hesabu yake ni hii. Likiuzwa milioni sita, mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, 750,000. Inabaki 5,250,000 ya watoto, na kila mwanamume anachukua mara mbili ya mwanamke. Kaka zako kila mmoja 2,100,000, wewe 1,050,000. Gitaa ulilodhani linamaliza deni lote, fungu lako la haki halifikii hata nusu ya unachodaiwa na kikundi. Ukiuza na kutumia zote, utakuwa umelipa wadai watatu na kupata wengine watatu, nao ni mama yako na ndugu zako wa damu.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Ndugu wakishirikishwa, wanaweza kuridhia liwe lako, kwa sababu ndivyo baba alivyotaka. Wanaweza kukusamehe mafungu yao kwa sababu uko taabani. Kaka wa Dar es Salaam anaweza kusema gitaa lisitoke kwenye ukoo, akakulipa fungu lako yeye, nalo likabaki kwa mwanao. Anaweza pia kulitembeza huko kwa wanamuziki wazoefu na wanunuzi zaidi ya mmoja, ili bei isiwe ya mdomo wa mtu mmoja. Wanaweza pia kukulaumu, nisikufiche. Aliyekaa mbali hulaumu upesi. Bora lawama ya sasa, gitaa likiwa bado lipo, kuliko ya baadaye likiwa limeshavuka bahari.

Umeuliza utamwangalia vipi mama. Umewahi kumuuliza? Ni mama wa dagaa huyo, ameona mvua ngapi zikiharibu mzigo. Alikuwepo mumewe akilipa gitaa kidogo kidogo, na bila shaka kuna siku sufuria lilipungua kwa ajili yake. Pengine anashikilia gitaa kuliko wewe. Pengine atakuambia kwamba mtu aliye hai ana haki zaidi. Umembebea jibu ambalo hajalitoa.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina mwiba wake. Kikundi kinaweza kukuongezea muda. Wenzako watanung'unika, kwa sababu hela yako ni hela yao, lakini wanaijua mvua ya Aprili kwa macho yao. Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi haina riba na wanawake wana fungu lao, ila hutolewa kwa kikundi na kwa ajili ya biashara. Ukiichukua kuziba deni la kausha damu utakuwa umehamisha moto kwenye nyumba ya wenzako, lakini inaweza kukurudishia mtaji wa dagaa baadaye, deni baya likishatulia. Kuliweka gitaa rehani mahali sikushauri kabisa, utakuwa umerudia njia ya karatasi ya nyumba.

Na kuuza pia ni njia halali. Nisingependa umalize kusoma ukidhani Shangazi amekukataza. Baba alipiga muziki ili watoto wale, na gitaa likilisha wajukuu kwa mara ya mwisho, kwa bei ya haki na kwa ridhaa ya wenye haki, sioni usaliti hapo. Kama mtafika huko, kabla halijaondoka mwekeni mtoto alipige mbele ya bibi yake mkimrekodi, hasa zile nyimbo za kumbukumbu. Na sehemu ya hela hiyo imnunulie gitaa la kawaida, la bei ndogo. Kijana wa miaka kumi na saba anayekaa na chombo cha babu yake usiku badala ya kijiweni, msikilizeni naye kwenye kikao, asije akasikia habari ukutani.

Huyo mnunuzi wa wiki ijayo, mjibu kwa adabu: gitaa ni la familia, familia inakaa kikao, na wewe utampigia. Kama analitaka kweli, safari yake haitamzuia kulitaka akirudi. Na kama bei inaisha akisafiri, basi tayari umejifunza kitu kuhusu bei hiyo. Asipewe gitaa "akalionyeshe kwa mtaalamu" bila wewe au kaka yako kuwepo, na msipokee hata senti ya kishika uchumba.

Wa kwanza kuzungumza naye, mimi ningetamani awe mama, kwa kuwa ndiye shahidi wa maneno ya baba na anaweza kukaa nawe unapomkabili mume. Lakini wewe ndiye unayeijua nyumba yako, na kama moyo unakuambia uanze na mume, anza naye. Ukiwa na zile risiti na jumbe za miamala mkononi mazungumzo yatakuwa mepesi kidogo, kwa sababu utakuwa unamwonyesha hesabu, si machozi tu. Niandikie baada ya hapo, hasa uniambie mkopeshaji amejibu nini alipoulizwa leseni.

Shangazi